Mshale ukidanganya, injini inakufa

PASAKA ya mwaka 1973, Safari Rally iliisha kwa sare. Shekhar Mehta, akiwa na msoma ramani wake Lofty Drews ndani ya Datsun 240Z, alimaliza akiwa na adhabu sawasawa na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS. Maelfu ya kilomita za vumbi na matope, halafu ubao unasoma sawa kwa sawa.

Ikabidi waende kwenye kanuni, kama ligi inavyokwenda kwenye tofauti ya mabao. Swali likawa moja: nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza? Jibu likawa Mehta. Akabeba kombe, na huo ukawa ushindi wa kwanza kati ya matano aliyoyapata kwenye Safari. Mengine yalikuja mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Kwenye mchezo unaoamuliwa kwa tofauti ndogo hivyo, dakika chache za kusimama kando ya barabara ukisubiri injini ipoe ni sawa na bao la kujifunga. Na kitu pekee kinachomwambia dereva kwamba injini inakaribia kuchemka, au kwamba oili imeisha nguvu, ni mshale mdogo kwenye dashibodi.

Leo magari hayo yana zaidi ya miaka 50. Yapo yanayolala gereji na kutolewa Jumapili kama suti ya harusi. Yapo pia yanayorudi kwenye vumbi lilelile kupitia mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, yaliyoanza 2003. Kote huko kuna jambo moja ambalo wenye magari wanabishana kama mashabiki wa Simba na Yanga: geji za zamani ziachwe zilivyo, au zing'olewe ziwekwe mpya?

Ubishi huo si wa urembo. Ukikosea upande mmoja unaua injini. Ukikosea upande mwingine unaua historia.

SAA TANO ZA DATSUN

Datsun 240Z iliingia sokoni Japan mwishoni mwa 1969 kwa jina la Nissan Fairlady Z. Ilikuwa na milango miwili, boneti ndefu na injini ya silinda 6 za mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita 2,393. Ilikuwa gari la michezo ambalo mtu wa kipato cha kati aliweza kulifikiria, wakati ambao Jaguar na Porsche zilikuwa za wenye nazo.

Afrika Mashariki iliijua mapema. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari wakiwa na 240Z, mwaka mmoja baada ya kushinda na Datsun 1600 SSS. Mehta alikuwa wa pili, naye kwenye 240Z. Miaka miwili baadaye ikaja ile sare. Gari la ushindi wa 1971 bado limehifadhiwa na Nissan kwenye mkusanyiko wake wa magari ya kihistoria huko Zama, Japan.

Ukikaa kwenye kiti cha dereva cha 240Z unakutana na duara tano. Mbili kubwa ziko mbele yako, nyuma ya usukani: moja ni spidomita, nyingine inahesabu mizunguko ya injini, ile madereva wanaiita RPM. Tatu ndogo ziko katikati ya dashibodi, kila moja ndani ya shimo lake refu, zimegeuzwa kidogo kumtazama dereva. Moja inabeba joto la maji na nguvu ya oili. Nyingine inabeba mafuta ya tangi na ampea za chaji. Ya tatu ni saa ya kawaida.

Mpangilio huo haukuwa wa bahati mbaya. Dereva wa rali hana muda wa kutafuta. Anatupa jicho mara moja kati ya kona mbili, anarudisha macho barabarani. Porsche 911 ya zamani nayo ina duara tano, lakini RPM ndiyo imewekwa katikati na ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu waliotengeneza waliona hicho ndicho kitu cha kwanza dereva wa michezo anachotakiwa kukiona. Tena 911 ya miaka ile injini yake inapozwa kwa hewa, haina rejeta ya maji. Kwa hiyo geji yake inapima joto la oili. Kila dashibodi inazungumza lugha ya injini yake, na anayehamisha geji kutoka gari moja kwenda lingine bila kujua hilo anajitafutia matatizo.

BARABARA ILIYOWATESA

Safari ilianza 1953 kama Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi ilipangwa wakati wa Pasaka, msimu wa masika. Asubuhi gari linapita vumbi laini kama unga linaloingia kila penye upenyo. Mchana jua linachoma. Usiku mvua inashuka, mto umefurika, na dereva anapaswa kuvuka hivyohivyo.

Vumbi likiziba rejeta, joto linapanda. Jiwe likipiga sampu, oili inamwagika. Maji ya mto yakiingia kwenye nyaya, chaji inakufa na taa zinafifia katikati ya pori. Matatizo yote matatu yana geji yake, na dereva aliyeiona mapema alisimama dakika 5 akarekebisha. Ambaye hakuiona alisubiri gari la kuvutwa. Wahenga walishasema dalili ya mvua ni mawingu.

Msoma ramani naye alikuwa na chombo chake. Miaka ile wengi walitumia Halda Tripmaster, kifaa cha Sweden kilichohesabu umbali kwa kuzungushwa na kebo. Mafundi walibadilisha gia zake ndogo za ndani kulingana na ukubwa wa tairi, ili hesabu isipotoke. Ikipotoka kidogo tu, msoma ramani anatangaza kona ambayo haipo, au anakaa kimya kwenye kona iliyopo.

Kwa hiyo watu wa Safari walijua somo hili kabla ya wote: geji mbovu ni mbaya kuliko kukosa geji. Asiye na geji anakuwa makini. Mwenye geji inayodanganya anaenda kwa kujiamini mpaka kwenye shimo.

MSHALE UNAVYODANGANYA

Chukua geji ya joto la maji. Sensa yake imefungwa kwenye injini, ncha yake ikiwa imezama kwenye maji. Maji yakipata moto, sensa inaruhusu umeme zaidi kupita, na mshale unapanda. Safi kabisa, ila kuna mtego. Mpira ukipasuka na maji yote yakamwagika, ncha ya sensa inabaki kwenye hewa. Mshale unaweza kushuka badala ya kupanda. Dereva anaona gari limepoa, anakanyaga mafuta. Dakika chache baadaye silinda hedi imepinda na gasketi imeungua. Imekula kwake.

Ndiyo maana mafundi wa mashindano huweka taa nyekundu ya tahadhari inayowashwa na swichi ya kiwango cha maji au ya presha, mbali na mshale. Mshale unasema joto, taa inasema maji yapo au hayapo. Mashahidi wawili ni bora kuliko mmoja.

Njoo kwenye oili. Kanuni ya mafundi wa magari ya zamani ni kwamba kwa kila mizunguko 1,000 ya injini, presha ya oili iwe angalau paundi 10 kwa inchi ya mraba. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, mtu anataka kuona 50 au zaidi. Geji ya zamani iliyochoka inaweza kukuonyesha 60 wakati ukweli ni 25. Inaweza pia kukuonyesha 10 wakati injini haina shida yoyote, ukafungua injini nzima kwa ajili ya sensa ya bei ndogo. Wapo waliofanya hivyo, wakagundua ugonjwa ulikuwa kwenye kipimo na mgonjwa alikuwa mzima.

Kisha kuna ethi. Geji nyingi za umeme za zamani zinategemea bodi ya gari kurudisha umeme kwenye betri. Baada ya miaka 50, kutu na rangi mpya vimekaa kati ya chuma na chuma. Umeme unarudi kwa shida, na mishale inacheza. Ukiwasha taa kubwa mshale wa mafuta unashuka, ukiweka indiketa mshale wa joto unapigapiga kwa mdundo wa taa. Mwenye gari anadhani geji zimekufa, kumbe ni waya mmoja wa ethi. Hata fundi anayefunga sensa ya joto kwa kuizungushia teipu nyingi nyeupe ili isivuje anaweza kukata ethi yake bila kujua.

Hii ndiyo sababu hatua ya kwanza ya kuboresha geji si kununua geji. Ni kuthibitisha kama iliyopo inasema kweli.

GEJI INAYOWEZA KUCHOMA GARI

Kati ya zote, ya ampea ndiyo inayostahili kadi nyekundu ya kwanza.

Geji ya ampea inapima umeme unaoingia na kutoka kwenye betri. Ili ipime, lazima umeme huo upite ndani yake. Kwa hiyo kwenye 240Z kuna nyaya nene zinazotoka upande wa injini, zinapenya ukuta wa moto, zinafika nyuma ya dashibodi, zinapita kwenye geji ndogo, halafu zinarudi. Enzi hizo alteneta ilitoa ampea 45 hadi 50, na mambo yalikwenda.

Sasa mwenye gari anafunga taa nne kubwa za rali, feni za umeme za rejeta, pampu ya mafuta ya umeme na redio ya maana. Alteneta ya zamani inalemewa, anaweka kubwa zaidi. Umeme wote huo unapita kwenye skrubu mbili ndogo nyuma ya dashibodi, ambazo mtikisiko wa nusu karne umezilegeza. Skrubu iliyolegea inapata moto. Plastiki ya waya inayeyuka. Pembeni yake kuna magodoro ya dashibodi, mazulia na miguu ya dereva.

Tiba yake inajulikana. Unaondoa kazi ya ampea na kuweka volti. Geji ya volti haipitishi mzigo. Inachungulia tu kwa waya mwembamba wenye fyuzi ndogo. Nyaya mbili nene zilizokuwa zikifika kwenye geji ya ampea zinaunganishwa imara, na kunawekwa kinga ya fyuzi kubwa karibu na betri. Basi, moto umeondolewa ndani ya chumba cha dereva.

Na habari inayopatikana ni nzuri kuliko ya mwanzo. Injini ikiwa imezimwa, betri yenye afya inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, mshale unapaswa kukaa kati ya 13.8 na 14.4. Ukiona 12 na inashuka wakati unaendesha usiku, alteneta imegoma na una muda mfupi wa kutafuta pa kusimama. Ukiona 15 na kupanda, rekuleta imeharibika na betri inapikwa. Shabiki yeyote anaelewa matokeo hayo bila kuwa fundi.

RPM NA SPIDI

Geji ya RPM ina hadithi yake. Kwenye magari mengi ya miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, inasoma mapigo ya umeme yanayokwenda kwenye koili kila plagi inapopiga moto. Mwenye gari akitoa platini za zamani na kuweka mfumo wa kielektroniki, ambao ni uboreshaji mzuri kabisa, mapigo yale yanabadilika sura. Mshale unaganda kwenye sifuri, au unarukaruka kama beki aliyepigwa chenga.

Hapo wengi hukimbilia kununua geji mpya. Mara nyingi haihitajiki. Kuna vifaa vidogo vya kutafsiri mapigo vinavyofungwa katikati, na kuna mafundi wa geji wanaobadilisha saketi ya ndani huku uso na mshale vikibaki vilevile. Kwa gari la michezo hili si jambo dogo. Ukivuka mstari mwekundu mara moja wakati wa kupunguza gia, vali inaweza kugonga pistoni, na safari ikaishia hapo.

Spidomita ya zamani yenyewe haina umeme wowote zaidi ya balbu. Kebo inatoka kwenye giaboksi ikizunguka, inazungusha sumaku. Sumaku inakivuta kikombe chepesi cha alumini bila kukigusa, na springi nyembamba kama unywele inakizuia. Kadiri gari linavyokimbia, ndivyo mshale unavyosogea. Ni ufundi wa ajabu, lakini grisi ya kebo ikikauka mshale unaanza kutetemeka, na baadaye kebo inakatika.

Tena spidomita hiyo ilipimwa kwa tairi za kiwandani. Ukiweka tairi kubwa zaidi kwa ajili ya barabara mbovu, kila mzunguko wa gurudumu unakwenda mbali zaidi, na mshale unaonyesha spidi ndogo kuliko halisi. Trafiki akikusimamisha, utetezi wako ni mshale, na mshale ulikuwa unakudanganya. Siku hizi wengi wanaweka spidomita inayosoma GPS. Haijali tairi wala giaboksi. Kasoro yake ni kwamba inahitaji kuiona anga; kwenye handaki, au sekunde za kwanza baada ya kuwasha gari, inaweza kukaa kimya.

NJIA TATU ZA USAJILI

Mwenye gari la zamani anayetaka dashibodi ya kuaminika ana njia tatu.

Ya kwanza ni kufufua zilezile. Geji inafunguliwa, inasafishwa, springi inapimwa upya, gia za plastiki zilizopasuka zinabadilishwa, uso unachapwa upya. Gari linabaki na hadhi yake, na likiuzwa mnunuzi haulizi maswali. Ubaya ni kwamba teknolojia inabaki ya 1970, na ile ampea inabaki na hatari yake kama hujaigusa.

Ya pili ni kung'oa zote na kuweka mpya za kampuni kama VDO, Auto Meter au Stack, au skrini moja ya dijitali. Zinasoma kwa usahihi, zina taa za tahadhari, nyingine zinakumbuka joto la juu kabisa lililofikiwa. Kwa gari la mashindano tu, hoja hiyo ina nguvu. Ubaya ni kwamba matundu ya 240Z yana ukubwa na kina chake, na geji mpya mara nyingi hazikai vizuri. Hapo ndipo msumeno unapotoka. Dashibodi ikishakatwa, haijikati kinyume. Dashibodi za 240Z zisizo na nyufa ni adimu tayari kwa sababu jua limezipasua nyingi. Kuikata nzima iliyobaki ni kuvunja kitu ambacho kiwanda hakitengenezi tena.

Ya tatu ni kuacha uso na kubadilisha kilicho nyuma yake. Uso, mshale na duara vinabaki vya zamani. Ndani kunawekwa moyo wa kielektroniki, sensa mpya kwenye injini, nyaya mpya, ethi mpya, na ampea inageuzwa volti. Mtu akichungulia dirishani anaona 1973. Dereva anapata ukweli wa leo.

Njia hii ya tatu inagharimu muda na inahitaji fundi anayejua, lakini ndiyo inayojibu pande zote mbili za ubishi. Mashabiki wa soka wameshaiona ikifanya kazi. Mwaka 2010 huko Bloemfontein, shuti la Frank Lampard dhidi ya Ujerumani liligonga mwamba, likadunda ndani ya mstari, likatoka. Dunia nzima iliona bao, waamuzi hawakuliona. Miaka minne baadaye, Kombe la Dunia Brazil lilichezwa kwa teknolojia ya mstari wa goli. Hakuna aliyebadilisha ukubwa wa goli. Hakuna aliyeondoa nyavu wala kupaka mwamba rangi nyingine. Kilichobadilika ni jicho linalotazama mstari. Mchezo ulibaki uleule, ila uongo ulipungua.

MITEGO YA MAFUNDI

Kuna makosa yanayojirudia kila gereji, na yote yanaepukika.

La kwanza ni kuchanganya sensa na geji zisizoelewana. Kila geji inatarajia ukinzani fulani kutoka kwa sensa yake. Mfumo wa VDO wa mafuta unasoma takriban ohmu 10 tangi likiwa tupu na 180 likijaa. Mfumo unaotumika sana Marekani unakwenda kinyume: 240 tupu, 33 kamili. Ukifunga geji ya huku na sensa ya kule, tangi likiwa limejaa mshale utakwambia limekauka. Ni kama winga anapiga krosi wakati mshambuliaji yuko benchi.

La pili ni balbu za LED. Zinatoa mwanga mzuri na hazipati moto, lakini zina upande; ukizigeuza haziwaki. Kile kitufe cha zamani cha kupunguza mwanga wa dashibodi nacho mara nyingi hakiziwezi. Na kwenye magari mengi yenye taa nyekundu ya chaji, umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndiyo unaoiamsha alteneta. Ukiweka LED ya kawaida hapo, alteneta inaweza kukataa kuchaji, na utahangaika siku nzima ukilaumu betri.

La tatu ni kuanza kukata nyaya kabla ya kuchora. Fundi mzuri anatoa waya wa betri kwanza, anapiga picha kila kiunganishi, anaweka alama kila waya, kisha ndiyo anafungua skrubu. Rangi za nyaya za miaka 50 zimefifia. Nyekundu na kahawia zinafanana kama mapacha.

La nne ni kutopima. Sensa ya joto inapimwa kwa sufuria ya maji na kipimajoto jikoni: unachemsha, unasoma ukinzani kwa mita ya umeme, unalinganisha na mshale. Presha ya oili inapimwa kwa kufunga kwa muda geji ya bomba, isiyotumia umeme, moja kwa moja kwenye injini. Geji ya mafuta inapimwa kwa kujaza tangi lita kwa lita. Spidomita inalinganishwa na GPS kwenye barabara iliyonyooka, abiria akisoma, si dereva. Kazi nzima ni ya Jumamosi moja, na mwisho wake mtu anajua mshale upi ni mkweli.

Anayefuata utaratibu huo mara nyingi anagundua kwamba geji tatu kati ya tano hazikuwa na shida kabisa. Anabaki na fedha ya kununua tairi.

WAKONGWE BADO WANAKIMBIA

Safari Classic imeonyesha kwamba magari haya si ya makumbusho tu. Björn Waldegård, bingwa wa dunia wa 1979, alishinda mwaka 2011 akiwa na Porsche 911. Stig Blomqvist, bingwa wa dunia wa 1984, naye alishinda 2015 kwenye 911. Hao ni wazee waliojua kusukuma gari, lakini walijua pia kulisikiliza. Kwenye mashindano ya siku nyingi, anayefika mwisho ni yule aliyeona tatizo likiwa bado dogo.

Nissan wenyewe wanaonekana kuelewa umuhimu wa sura ile. Z mpya ina skrini kubwa ya dijitali nyuma ya usukani, yenye upana wa inchi 12.3. Lakini juu ya dashibodi, katikati, kampuni iliweka geji tatu ndogo za mishale zilizogeuzwa kumtazama dereva, vilevile kama 240Z. Moja inaonyesha presha ya turbo, nyingine kasi ya turbo kuzunguka.

Ya tatu ni volti. Ampea haipo.